Mama Marie Muilu, Mchungaji wa Kundi Dogo

Tarehe 27 Aprili 1959 Mama Marie Muilu alilala katika Bwana. Sisi sote tunajua mateso ya Papa Simon Kimbangu. Lakini mchungaji alipokuwa katika minyororo, ni nani aliyechunga kundi? Ni vizuri kukumbuka maisha ya Mama, maana vikundi vyetu vingi vidogo vinalalamika kwamba havina feza, havina watu, havina hata nyumba ya kusalia.

Mama Muilu na mume wake walibatizwa siku moja, tarehe 4 Julai 1915, katika misioni ya Wabatisti ya Ngombe-Lutete, Kongo ya Chini. Mungu aliwapa wana watatu: Kisolokele, Dialungana na Diangienda. Tarehe 6 Aprili 1921 Papa alianza kazi ya kuponya wagonjwa na kuhubiri. Watu waliacha mashamba na kazi za wazungu, wakaijaza Nkamba.

Serikali ya Wabelgiji iliogopa. Papa alikamatwa mwezi wa Septemba, na tarehe 3 Oktoba 1921 korti ya waaskari huko Thysville, leo Mbanza-Ngungu, ilimhukumu kufa. Mfalme Albert I aligeuza hukumu hiyo kuwa kifungo cha maisha. Papa alipelekwa Élisabethville, leo Lubumbashi, mbali na jamaa yake. Akafa katika gereza tarehe 12 Oktoba 1951, baada ya miaka 30.

Mwaka ule wa 1921, mtoto wa mwisho, Diangienda, alikuwa na miaka mitatu tu. Kisolokele, mkubwa wao, aliondolewa na kupelekwa Boma. Mama mwenyewe aliwekwa chini ya macho ya serikali. Kusali pamoja kulikuwa kosa, na kosa hilo lilimpeleka mtu uhamishoni. Angeweza kusema: mimi ni mwanamke peke yangu, nilee watoto wangu, basi. Hakusema hivyo. Wakristo walimjia kwa siri. Aliwapokea, akawafariji, akawapa shauri, nao wakarudi kwao kusali usiku.

Katika miaka ile maelfu ya jamaa walihamishwa. Wengine walifikishwa Lowa, kando ya mto Lualaba, katika inchi ya Kiswahili. Serikali ilidhani inatawanya moto ili uzimike. Kumbe ilikuwa inapanda makaa kila mahali. Watu waliokuja wakiwa wafungwa walifikisha Habari Njema kwa majirani wao.

Basi, kanisa hilo la siri liliishi kwa nini? Hakuna misioni ya Ulaya iliyoleta msaada. Waliofundisha na waliobeba habari kutoka kijiji hadi kijiji hawakupata mshahara. Aliyekuwa na muhogo aligawa muhogo. Aliyekuwa na mikono mitupu alitoa nguvu zake. Wagonjwa na wale ambao jamaa zao zilihamishwa hawakuwa mzigo wa kundi. Kwa sababu yao watu waliendelea kuwa kundi. Pasipo huruma, kila mmoja angejificha nyumbani kwake na sala ingekufa.

Mwaka 1957 waamini wa Léopoldville waliandikia gavana kwamba afadhali wakamatwe wote pamoja kuliko kuendelea kuteswa mmoja mmoja. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule serikali ililegeza mkono. Kanisa lilitambuliwa rasmi tarehe 24 Desemba 1959. Mama alikuwa amekwisha kulala miezi minane mbele. Alipanda, lakini hakuona mavuno yote. Mwaka 1960 mwili wa Papa ulirudishwa Nkamba. Mwaka 1969 Kanisa letu lilipokelewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Mwaka 1981 hekalu kubwa la Nkamba lilifunguliwa, hekalu lililojengwa kwa sadaka na kwa mikono ya waamini wenyewe.

Ndugu wapendwa, leo tunashindana katika nsinsani kwa shangwe na fanfari, na hiyo ni vizuri. Lakini tujipime. Tunatoa ili jina la kikundi chetu lisikiwe, ama tunatoa kwa upendo? Je, mjane anayekaa nyuma ya kanisa amekula leo? Mwimbaji aliyekosa sala majuma matatu, nani amekwenda kumuuliza? Parokia yenye watu kumi na mbili wanaojuana na kusaidiana haijafa. Ile yenye feza nyingi lakini mgonjwa wake analala njaa, hiyo ndiyo iko katika hatari.

Upendo, amri na kazi: Mama Muilu aliyaishi hayo matatu wakati yalipoweza kumgharimu uhuru wake. Sisi hatufukuzwi tena na mtu. Basi tusilale.

Bwana Yesu awabariki. Amina.