Frank Shuman: Mtu aliyelitumia jua kuvuta maji ya Nile

MKULIMA anayejiuliza kama anunue pampu ya petroli au ya umeme wa jua anapiga hesabu ile ile iliyopigwa zaidi ya miaka 100 iliyopita na Mmarekani Frank Shuman, kando ya mto Nile nchini Misri. Pampu ya mafuta ni nafuu kununua, lakini inadai fedha kila inapowashwa. Ya jua ni ghali siku ya kwanza, ila kinachoiendesha hakiuzwi dukani.

Shuman alizaliwa Brooklyn, New York, Januari 23, 1862. Kilichompatia fedha kwanza hakikuwa jua bali kioo. Mwaka 1892 alipata hakimiliki ya njia ya kutengeneza kioo chenye wavu wa waya ndani yake. Kioo hicho kikipasuka, vipande vyake havimwagiki, hivyo kilihitajika sana kwenye viwanda na majengo makubwa. Faida yake ndiyo iliyompa nafasi ya kufanya majaribio nyumbani kwake Tacony, kitongoji cha mji wa Philadelphia.

Jambo lililomvutia lilikuwa dogo. Kasha likifunikwa kwa kioo na kuachwa juani, joto huingia lakini hutoka kwa shida. Kila mwenye gari analijua hilo akirudi na kulikuta gari lake limeshinda juani likiwa limefungwa vioo. Shuman akajiuliza kama joto hilo linaweza kuendesha mashine.

Mwaka 1907 aliwaonyesha watu injini ndogo iliyoendeshwa na jua uani kwake. Ndani ya makasha ya kioo hakuweka maji bali etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi joto 35 tu. Mvuke wa etha ndio uliosukuma injini. Mwaka uliofuata aliunda kampuni ya nishati ya jua na kuanza kutafuta wenye mitaji.

Kufikia mwaka 1911 alikuwa amejenga mtambo mkubwa zaidi pale pale Tacony. Safari hii alitumia maji, akaongeza vioo pembeni mwa makasha ili kukusanya mwanga zaidi, na akabuni injini inayoweza kufanya kazi kwa mvuke wenye shinikizo dogo. Mtambo huo uliweza kupandisha maji kiasi cha lita 11,000 kwa dakika hadi kimo cha mita 10 hivi.

Hata hivyo, Shuman alielewa kwamba Pennsylvania haikuwa soko lake. Makaa ya mawe yalichimbwa katika jimbo hilo na yaliuzwa kwa bei ya chini, na majira ya baridi yalikuwa na mawingu mengi. Mashine yake ingepata wateja mahali ambapo jua ni kali na makaa ni ghali. Misri ilikuwa na yote mawili. Makaa yake yalitoka Uingereza kwa meli, na mashamba ya pamba yalihitaji maji ya mto.

Kwa mtaji uliopatikana London, kazi ilianza Maadi, kusini mwa Cairo. Kabla ya ujenzi, wenye mitaji walitaka mchoro wake ukaguliwe na wataalamu. Mwanasayansi wa Uingereza, Charles Vernon Boys, alishauri makasha yaachwe na badala yake vitengenezwe vioo vilivyopinda mfano wa hori la kunyweshea ng'ombe, na bomba la maji lipite katikati. Kwa umbo hilo, jua linalopiga upana wote wa hori huelekezwa kwenye bomba moja. Shuman alikubali ushauri huo ingawa ulibadilisha mpango wake.

Mtambo ulikuwa na mahori matano, kila moja likiwa na urefu wa mita 62 na upana wa mita 4. Yaligeuzwa kwa mashine kulifuata jua tangu asubuhi hadi jioni. Majaribio ya kwanza ya mwaka 1912 yaliharibika. Mabomba yalikuwa ya zinki, nayo yalilegea na kuning'inia kwa joto. Ilibidi yaondolewe na kuwekwa ya chuma.

Mwaka 1913 mtambo ulizinduliwa mbele ya wageni wengi. Injini yake ilitoa nguvu za farasi zaidi ya 50, na pampu iliweza kutoa takriban lita 22,000 za maji kwa dakika kumwagilia pamba. Kuujenga kulikuwa ghali kuliko kujenga mtambo wa makaa. Lakini kwa bei ya makaa nchini Misri, hesabu za Shuman zilionyesha kwamba tofauti hiyo ingerudi katika miaka michache, na baada ya hapo mwenye mtambo angekuwa anaokoa fedha kila msimu.

Wakubwa wa siku hizo walivutiwa. Lord Kitchener, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza nchini Misri, aliahidi shamba la pamba la ekari 30,000 nchini Sudan kwa ajili ya mradi mkubwa zaidi. Serikali ya Ujerumani nayo iliahidi fedha za kujenga mtambo katika ardhi ya Afrika iliyokuwa chini yake. Shuman alikuwa tayari anaitazama Sahara kama mahali pa kuzalisha nishati ya dunia nzima.

Mwaka 1914 vita kuu ya kwanza ilizuka. Wahandisi wa Maadi walirudi makwao, mtambo ukasimama na baadaye ukavunjwa kwa ajili ya chuma chake. Shuman alifariki dunia Tacony Aprili 28, 1918, akiwa na umri wa miaka 56, vita ikiwa bado haijaisha. Baada ya vita mafuta yakapatikana kwa wingi na kwa bei ndogo, na wenye mitaji hawakuona sababu ya kuhangaika na jua.

Wazo lake lilirudi bei ya mafuta ilipopanda. Kuanzia mwaka 1984 mahori ya vioo yalijengwa California kuzalisha umeme, na mwaka 2011 mtambo wa aina hiyo ulifunguliwa Kuraymat, Misri, kusini mwa Cairo kama ule wa Maadi. Paneli zinazowekwa juu ya nyumba na kuendesha pampu za mashambani ni teknolojia nyingine. Hizo hugeuza mwanga moja kwa moja kuwa umeme, bila mvuke wala injini.

Hesabu, hata hivyo, haijabadilika. Maadi haikushindwa kwa kukosa jua. Ilishindwa kwa vita, kisha kwa bei ya mafuta. Kwa hiyo mkulima au mfanyabiashara anayetaka kununua pampu ya sola asiangalie bei ya dukani peke yake. Aandike lita za mafuta anazochoma kwa mwezi, bei yake pamoja na usafiri hadi shambani, na idadi ya miezi anayomwagilia kwa mwaka. Anayemwagilia bustani ya mboga miezi minane atarudisha fedha zake mapema. Anayewasha pampu wiki tatu kwa mwaka atasubiri sana, na huenda ikawa nafuu kwake kukodi ya jirani.