Lettow-Vorbeck na Picha za Vita

Paul von Lettow-Vorbeck alizaliwa Saarlouis, Ujerumani, mwaka 1870. Kabla ya kuja kwetu alikwisha tumika vitani huko China, na katika Afrika ya Kusini Magharibi, Namibia ya leo, wakati Waherero walipokuwa wakiangamizwa. Januari 1914 alifika Dar es Salaam kuliongoza jeshi la kikoloni la Wajerumani. Novemba mwaka ule aliwashinda Waingereza Tanga. Julai 1916 Dodoma ikatekwa na majeshi ya Afrika ya Kusini, naye akazidi kurudi nyuma huku akipigana, hata aliposalimu amri Abercorn, yaani Mbala ya leo nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918.

Sifa zake, kwa maoni yetu, zilijengwa na picha sawa na zilivyojengwa na mapigano. Walther Dobbertin, mpiga picha Mjerumani wa Dar es Salaam, aliwapiga picha askari waliojipanga kwa nidhamu, tayari kwa safari, na mwaka 1932 akazitoa kitabuni. Machi 1919 Jenerali mwenyewe alipita Berlin juu ya farasi, umati ukimshangilia.

Mwalimu aletaye picha ya namna hii darasani asianze kwa kusimulia. Wanafunzi na wahesabu watu, wataje mavazi na vyombo waonavyo. Kisha waulizwe: mpiga picha alikuwa upande wa nani? Watu hawa walijikuta hivi, au walipangwa? Na masanduku ya risasi na magunia ya chakula yalibebwa na nani?

Swali hili la mwisho latufikisha Ugogo. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe, nafaka, na wanaume kwa maelfu wakawe wapagazi. Mvua zilipokosekana ikaingia njaa ya Mtunya, 1917 hadi 1920. Yakadiriwa kwamba kati ya Wagogo 150,000 walikufa 30,000. Haya hayamo katika picha za askari waliojipanga. Yamo vinywani mwa wazee waliosimuliwa na wazazi wao, na mwanafunzi wa Dodoma aweza kuyafuata nyumbani jioni ile ile, ayalete kesho yawekwe kando ya picha.

Lettow-Vorbeck alizuru Dar es Salaam tena mwaka 1953, akalakiwa na askari wake wa zamani. Alifariki Hamburg tarehe 9 Machi 1964.