Kipchomber arap Koilegen: Orkoiyot wa Kwanza wa Wakipsigis

Jina la Koitalel arap Samoei hulijua kila aliyesoma historia ya Kenya. Ameuawa na Richard Meinertzhagen tarehe 19 Oktoba 1905, na huko Nandi Hills amejengewa makumbusho. Ndugu yake, Kipchomber arap Koilegen, ni maarufu miongoni mwa wazee wa Kericho na Bomet, lakini vitabu vya shule humpitia kwa sentensi moja au mbili. Hii si haki, kwani kisa cha ardhi ya majani chai hakieleweki bila yeye.

Wote wawili walikuwa wana wa Kimnyole arap Turukat, orkoiyot wa Wanandi, wa ukoo wa Talai. Orkoiyot hakuwa mfalme. Alikuwa kiongozi wa kiroho aliyetakwa ushauri kuhusu vita, mvua na mavuno, na baraka yake ilitangulia safari ya vijana wa vita. Mnamo 1890 Wanandi walimuua Kimnyole wakimtwika lawama za maafa yaliyoikumba nchi. Baadaye wanawe waligombea nafasi yake. Koitalel alishinda, naye Kipchomber, mnamo 1895, akakimbilia kusini kwa Wakipsigis.

Huko hakupokewa kama mkimbizi wa kuhurumiwa. Wakipsigis walikuwa na jeraha la vita vya Mogori, walikoshindwa vibaya na Wagusii na kupoteza vijana wengi. Jamii iliyopatwa na msiba wa namna hiyo ilimhitaji mtu wa kuisemea na ya ghaibu, na Kipchomber akawa orkoiyot wao wa kwanza. Ndugu zake Kiboigut na Boisio nao walikuwa na sauti katika nchi hiyo.

Wakati huohuo reli ilikuwa imekwisha kufika Kisumu, mwaka 1901, na mnamo 1905 Waingereza walipeleka jeshi Sotik kuwaadhibu Wakipsigis. Sehemu ya ardhi ikagawiwa walowezi. Serikali ya kikoloni ilitawala kwa kuwatumia machifu iliowateua yenyewe. Mtu aliyesikilizwa bila kuteuliwa na yeyote ofisini alikuwa kikwazo. Hata msamiati uliotumiwa unastahili kuangaliwa: Waingereza waliwaita viongozi hawa malaibon, neno la Kimaasai, na katika maandishi yao likabeba maana ya ulaghai na uchochezi. Neno la wenyewe likafukiwa.

Mwaka 1914 Kipchomber, Kiboigut na Boisio walikamatwa wakahamishiwa Fort Hall (Murang'a ya leo) na Nyeri, mbali na watu wa lugha yao. Kipchomber hakurudi tena. Alifia uhamishoni mwaka 1916.

Kifo chake hakikuwatosha watawala. Katika miaka ya 1920 makampuni ya chai yaliingia Kericho, na mwaka 1934 ikatungwa sheria ya kuuondoa ukoo mzima wa Talai. Watu wapatao 700, wanaume kwa wanawake, wazee kwa watoto, walipelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria, penye mbu na mbung'o. Mifugo ilikufa, watu pia walikufa. Waliorejea Uhuru ulipokaribia walikuta ardhi yao ina wenyewe wengine.

Ni katika miaka hiyo ya Gwassi ambapo historia ya Kipchomber ilihifadhiwa, na haikuhifadhiwa kwa maandishi. Ilikaa vinywani, jikoni na kando ya moto, mahali ambapo bibi, anayeitwa kogo kwa Kikipsigis, huwafundisha wajukuu majina ya ukoo na ya mahali walikotoka. Watafiti wa fasihi simulizi wamezoea kuwatafuta wazee wa kiume kwanza. Kwa ukoo uliofukuzwa na kunyang'anywa mahali pa mikutano yake, desturi hiyo ya utafiti huacha nje nusu ya ushahidi, pengine nusu iliyo bora.

Ushahidi huo umeanza kusikilizwa mbali. Mwaka 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa waliitaka Uingereza itoe maelezo kuhusu madhila ya Wakipsigis na Watalai, na mwaka 2022 wawakilishi wao walifikisha malalamiko katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, huko Strasbourg, miaka 106 baada ya Kipchomber kufa.