Mukabi wa Kisa na santuri asiyoiona

Marehemu George Mukabi, mwenyeji wa Kisa, pande za Kakamega, alikuwa bingwa wa gita la omutibo: kidole gumba kilipiga besi, cha shahada kikatoa sauti ya juu, na chupa ya Fanta ikikwaruzwa kushika mwendo. Kwa kuwa aliimba Kiswahili pia, sisi wa pwani twamwelewa bila mkalimani.

Zama zake santuri ilikuwa ndogo, wimbo mmoja kila upande. Aliuawa mwaka 1963, Kenya ilipopata uhuru. Santuri kubwa iliyokusanya nyimbo zake, Furaha Wenye Gita, ilitoka 2017, miaka 54 baadaye. Gita lenyewe halikungoja: mwanawe, Johnstone Ouko Mukabi, aliurithi upigaji huo.