Bevan, mchimba makaa aliyetaka hata mgeni atibiwe

Aneurin Bevan alizaliwa mwaka 1897 Tredegar, mji wa makaa ya mawe kusini mwa Wales, na alipofika miaka 13 alikuwa tayari mgodini. Baba yake, mchimbaji pia, alifariki mwaka 1925 kwa maradhi ya mapafu yaletwayo na vumbi la makaa. Familia haikupata fidia, kwani sheria haikuyatambua maradhi hayo.

Tredegar ilikuwa na chama cha matibabu. Wafanyakazi walikatwa peni chache kwenye mshahara, chama kikaajiri madaktari, na mwanachama akiugua hakuulizwa fedha mlangoni. Bima ya serikali ya mwaka 1911 haikufika huko: ilimlipia daktari mfanyakazi wa kipato kidogo, lakini mke na watoto wake walijitegemea.

Bevan akawa mbunge mwaka 1929 na Waziri wa Afya mwaka 1945. Alitaka mpango kama wa Tredegar kwa nchi nzima, ila sehemu kubwa ya gharama itoke kwenye kodi. Hospitali zaidi ya 2,600 zikawekwa chini ya serikali. Madaktari walikuja juu. Katika kura ya mwanzoni mwa 1948, karibu tisa kati ya kumi walikataa. Bevan, aliyejua kupatana bei, akawaachia mabingwa wagonjwa wao wa kulipia. Huduma ilianza Julai 5, 1948, na watu wakamiminika kutafuta miwani na meno ya bandia waliyoyakosa kwa miaka.

Punde zikaja lawama kwamba wageni wanatibiwa bure. Wanaovuka Namanga au Busia wataielewa hoja yake: mgeni naye hulipa kodi kila anaponunua bia au sigara, na kumtenga kungemlazimu kila mwenyeji atembee na kitambulisho ndipo aonwe na daktari. Hata hivyo serikali yake yenyewe ilipitisha sheria mwaka 1949 ya kuruhusu wasio wakazi watozwe. Kifungu hicho kilikaa bila kutumika hadi miaka ya 1980.

Mwaka 1951 serikali ilipoamua kutoza miwani na meno ya bandia, Bevan, wakati huo Waziri wa Kazi, alijiuzulu. Alifariki Julai 6, 1960, siku moja baada ya huduma hiyo kutimiza miaka 12.