Munyakei: Karani aliyefichua Goldenberg, akapoteza ajira

David Munyakei, karani wa Benki Kuu ya Kenya aliyefichua kashfa ya Goldenberg, alifariki dunia mwaka 2006 akiwa fukara.

Aliajiriwa mwaka 1991. Kazini alibaini mabilioni ya shilingi yakilipwa kwa mauzo hewa ya dhahabu na almasi nje ya nchi. Mwaka 1993 nyaraka alizotoa ziliwafikia wanasiasa wa upinzani.

Alikamatwa, akashtakiwa kwa kuvujisha siri za serikali. Ingawa aliachiwa huru, alifukuzwa kazi, akahamia Mombasa. Wakati huo, hakukuwa na sheria ya kumlinda mtumishi anayefichua ufisadi.

Mwaka 2004 Transparency International ilimtunuku tuzo ya uadilifu. Ajira yake hakurudishiwa hadi alipofariki.