Imamu Ghazali: mwana wa msokota sufu aliyeipima pesa



Jina la Imamu Abu Hamid al-Ghazali si geni visiwani kwetu. Sisi wafuasi wa Imamu Shafi tunamkuta katika fiqhi, na wengi humjua kwa tasawwuf na kwa hoja zake dhidi ya wanafalsafa. Leo tunamtazama kwa mlango mwengine: riziki na pesa.

Alizaliwa Tus, Khurasan, katika Iran ya leo, mwaka 450 Hijria (1058). Baba yake alikuwa masikini, akisokota sufu na kuiuza. Alipohisi mauti yamekaribia, alimkabidhi rafiki yake mcha Mungu wanawe wawili, Muhammad na Ahmad, pamoja na akiba ndogo ya kuwasomesha. Akiba ikaisha. Rafiki yule naye hakuwa na kitu, akawashauri waingie madrasa, kwani huko wanafunzi walipewa chakula. Basi Imamu aliingia katika ilimu kwa sababu ya njaa, na ukubwani hakuona haya kulisema hilo.

Alisoma Nishapur kwa Imamul Haramayn al-Juwayni. Mwaka 484 (1091) waziri Nizam al-Mulk alimpa kiti cha Madrasa ya Nizamiyya, Baghdad. Alipata cheo, pato na wanafunzi mamia. Lakini mwaka 488 (1095) alianza kuihoji nia yake, hata ulimi ukafunga akashindwa kusomesha. Akagawa mali yake, akabakisha ya kumtosha yeye na watoto wake tu. Na hicho kidogo alikipima kwa sharia: mali ya Iraq ni wakfu kwa maslahi ya Waislamu, kwa hivyo mwanachuoni anaweza kuchukua humo cha kulishia wanawe. Akaenda Sham, na mbele ya kaburi la Nabii Ibrahim (A.S.) akaweka ahadi ya kutopokea mali ya mtawala.

Katika miaka hiyo ndipo alipoandika Ihyaa Ulumid-Din. Humo anafundisha pesa kwa mifano. Mtu ana zafarani na anataka ngamia: atajuaje kiasi gani cha zafarani kinalingana na ngamia? Allah ameumba dhahabu na fedha ziwe hakimu kati ya vitu visivyofanana. Zenyewe haziliwi wala hazivaliwi. Ni kama kioo, hakina rangi lakini huonyesha kila rangi. Anayezilimbikiza amemfunga hakimu gerezani, na watu wakabaki bila wa kuwaamua. Anayezifanyia riba amezigeuza kuwa bidhaa, nazo hazikuumbwa kwa hilo.

Ametaja pia kwamba sindano ndogo haikamiliki mpaka ipite mikononi mwa mafundi mara 25. Adam Smith wa Scotland aliandika mfano wake wa kiwanda cha pini mwaka 1776, zaidi ya miaka 650 baadaye. Lakini Imamu alikusudia shukurani: tonge moja ina jasho la watu wengi tusiowajua. Akaonya pia kwamba sarafu bandia ni mbaya kuliko wizi, kwani wizi huisha siku yake, na sarafu ile huendelea kudhulumu mkono kwa mkono hata mwenyewe akiwa kaburini.

Mwaka 499 (1106) alirudi kusomesha Nishapur, kisha akarejea Tus, akafa Jumadal Akhir 505 (1111).

Imamu hakutufundisha kuichukia pesa. Katika kitabu hicho hicho ameandika mlango mzima wa adabu za uchumi na biashara. Ametuachia maswali mawili ya kuulizana majumbani: pesa hii imetoka wapi, na kwa nini imekwama kwetu ilhali jirani ana haja? Baba anayeyajibu kwa ukweli mbele ya watoto wake amewaachia urithi, hata kama akiba yake ni ndogo kama ya yule msokota sufu.

Allah amrehemu Imamu, na aturuzuku riziki ya halali. Amin.